Maisha ya Bwana John Logie Baird, Fundi wa Televisheni

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, kama ilivyo desturi ya gazeti letu. Wengine wamekwisha andika habari za wafalme, wapelelezi na wahubiri, kwa hiyo mimi nimechagua mtu wa kazi yangu. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Nilipotoka shuleni nilijifunza kazi mjini Jinja, na sasa nina duka langu Mbale, chini ya mlima Wanale. Lakini kila mwisho wa mwezi hushuka Jinja kununua vipuri na kuzungumza na mafundi wenzangu.

Kazi iniletayo watu wengi kuliko zote ni ndogo sana, nayo ni kuunganisha mashine ya video na televisheni. Mtu amenunua televisheni mpya iliyo bapa, na nyumbani ana deki ya kanda za zamani, au mashine ya diski aliyoletewa na ndugu yake aliye ng'ambo. Waya zipo mkononi, matundu yapo nyuma, wala hajui lipi ni la nini. Nusu ya watu hao hawana shida yo yote ila hawajabonyeza kitufe cha kuchagua tundu. Nabonyeza, picha inatokea, nao hunitazama kana kwamba nimewaibia fedha zao.

Basi miongoni mwa watu wa kwanza duniani waliouzia watu wa nyumbani chombo cha picha, wakawaachia kazi ya kukiunganisha wenyewe kwa waya, alikuwamo Mskoti mmoja mwembamba, mgonjwa, mwenye nywele timutimu. Huyo ndiye John Logie Baird.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti, 1888, katika mji mdogo wa Helensburgh, ukingoni mwa mlango wa mto Clyde. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Uskoti. Katika watoto wanne John alikuwa kitinda mimba. Tangu utoto mwili wake ulikuwa dhaifu. Mara nyingi alilala kitandani kwa majuma kwa ajili ya baridi, na udhaifu huo haukumwacha mpaka siku ya kufa.

Lakini mikono yake haikulala. Alipokuwa kijana wa shule alitandaza waya kutoka chumbani mwake, akavusha barabara hata nyumba za rafiki zake, wakawa wakizungumza kwa simu waliyojiundia wenyewe. Usiku mmoja wa dhoruba waya mmoja ukalegea ukaning'inia barabarani, ukamnasa mwendesha gari la farasi ukamtupa chini kutoka kitini pake. Huo ukawa mwisho wa simu. Baada ya hapo akatia taa za umeme katika nyumba ya baba yake, wakati ambapo taa za namna hiyo zilikuwa bado ajabu. Najua ya kuwa katika mabweni yetu wapo vijana wenye tabia kama hiyo. Mkuu wa bweni na aruke sehemu hii asiisome.

Baadaye alisoma uinjinia katika chuo cha ufundi cha Glasgow, kisha akaingia Chuo Kikuu cha mji huo huo. Katika chuo cha ufundi alisoma pamoja na kijana mmoja aliyeitwa John Reith, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa BBC. Hawakupendana, na mtaona mbele kwamba jambo hilo halikuwa dogo. Vita vya 1914 vikaingia kabla Baird hajapata shahada, wala hakuirudia tena. Alitaka kuwa askari, madaktari wakamkataa kwa sababu ya afya yake, ndipo akapata kazi katika kampuni ya umeme ya bonde la Clyde.

Humo kampunini alifanya jambo ambalo sisi watu wa Jinja, tunaoishi karibu na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa tarehe 29 Aprili, 1954, twaweza kulielewa upesi. Alikuwa amesoma kwamba almasi ni kaa lililobanwa na kuchomwa kwa joto kali mno. Basi akatia kaa ndani ya saruji, akaunganisha na waya mkubwa wa kampuni, akapitisha umeme wote. Almasi haikupatikana. Kilichopatikana ni giza katika sehemu ya mji wa Glasgow, na wakubwa wake wakaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Akaacha kazi, akaingia biashara. Kwa kuwa miguu yake ilikuwa baridi siku zote, alitengeneza soksi za kuvaliwa ndani ya soksi nyingine, zilizotiwa dawa, na soksi hizo zikauzika sana. Angalitosheka na soksi angalikufa tajiri. Mwaka 1919 akasafiri mpaka kisiwa cha Trinidad, akafungua kiwanda cha jamu, kwa maana huko matunda na sukari ni rahisi. Lakini alipochemsha jamu, wadudu wa nchi ile walisikia harufu tamu wakaja kwa majeshi, wakajitupa vyunguni. Akarudi Uingereza na homa, bila fedha. Akauza asali, kisha sabuni. Sabuni nayo ilikwenda vizuri kidogo, mpaka ugonjwa ukamwangusha tena. Nimeyaeleza haya kwa haraka kwa sababu hata yeye aliyapita kwa haraka. Kila miaka miwili alikuwa mtu mwingine.

Mwaka 1923 twamkuta katika mji wa Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, ambako alikwenda kutafuta hewa njema. Alikuwa na umri wa miaka 34, hana kazi, hana mali. Hapo ndipo alipoanza kufikiri juu ya kuona kwa mbali.

Wazo lenyewe halikuwa lake. Mjerumani mmoja, Paul Nipkow, alikuwa ameandikisha hati ya uvumbuzi huo tangu 1884. Nipkow alifikiri hivi: chukua sahani ya duara, toboa mashimo madogo yaliyopangwa kwa mzunguko kama nyumba ya konokono, kisha uizungushe mbele ya kitu unachotaka kukionyesha. Kila shimo litapita juu ya kitu hicho katika mstari wake, shimo la pili katika mstari ulio kando ya wa kwanza, na kadhalika, mpaka picha nzima imesomwa, kama vile msomaji asomavyo ukurasa mstari kwa mstari. Mwanga unaopita mashimoni huangukia chombo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Palipo na mwanga mwingi, umeme huwa mwingi. Penye giza, umeme huwa kidogo. Umeme huo husafiri kwa waya au hewani hata upande wa pili, ambako taa huwaka na kufifia sawasawa nao, nyuma ya sahani nyingine kama ile, izungukayo kwa mwendo ule ule. Jicho la mtu ni zito. Haliwezi kufuata mstari mmoja mmoja, basi huona picha nzima. Nipkow hakukitengeneza chombo chenyewe. Siku zake umeme utokao katika mwanga ulikuwa dhaifu mno, wala hapakuwa na namna ya kuukuza. Kufika 1923 valvu za redio zilikuwapo, nazo zaweza kukuza umeme dhaifu. Baird aliona jambo hilo, akashika kazi.

Vyombo vyake vilikuwa vya kuchekesha. Kulikuwa na sanduku la zamani la chai la kushikilia mota, na sanduku la kofia lililokatwa kuwa sahani. Sindano za kutilia viraka soksi zilikuwa ekseli, na lenzi zilitoka katika taa za baiskeli. Lakiri, gundi na uzi vilishikamanisha vyote. Mwaka 1924 akafaulu kupeleka kivuli cha msalaba kutoka upande mmoja wa chumba hata upande wa pili, umbali wa futi chache. Kilikuwa kivuli tu, kinachochezacheza, lakini kilikuwa kimepita katika waya.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule aligusa umeme wa volti 1,000. Ulimtupa chini, ukaunguza mikono yake, naye akapona kwa bahati. Mwenye nyumba akamwambia ahame. Hapa naomba kusema neno moja na vijana wanaopenda kufungua vitu. Televisheni za zamani zenye tumbo nyuma, ambazo zingali nyingi katika nyumba za Jinja na Mbale, zina ndani yake volti nyingi kuliko zile zilizomwangusha Baird, mara 20 na zaidi, na mtungi wake huweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kuunganisha video hakuhitaji kufungua mgongo wa televisheni hata kidogo. Matundu yote yako nje. Anayekuambia ufungue hajui kazi.

Baird akahamia London, akapanga vyumba viwili vya juu katika nyumba namba 22, mtaa wa Frith. Alikuwa na njaa, viatu vyake vilikuwa vimetoboka. Alikwenda katika ofisi ya gazeti la Daily Express ili habari zake ziandikwe. Mhariri alidhani ni mwenda wazimu, akamtuma mtu kumwondoa na kumwonya aangalie asije akawa ana wembe. Mtu mmoja aliyemsikia alikuwa mwenye duka kubwa la Selfridge. Kuanzia mwezi wa Machi, 1925, kwa muda wa majuma matatu, Baird alionyesha chombo chake dukani humo mbele ya wanunuzi. Walipanga mstari, wakachungulia tunduni, wakaona vivuli, wakaenda zao kununua vitambaa. Alipata fedha kidogo, lakini moyoni alijua ya kuwa vivuli havitoshi. Alitaka uso wa mtu, wenye macho na pua.

Taa alizotumia zilikuwa kali mno hata mtu hakuweza kukaa mbele yake, kwa hiyo alitumia kichwa cha mwanasesere aliyemwita Stooky Bill. Joto lilimwunguza nywele na kumpasua rangi ya uso, lakini hakulalamika. Tarehe 2 Oktoba, 1925, kichwa hicho kilitokea kiooni, si kivuli tena, bali uso wenye weupe na weusi na rangi za kati. Baird akashuka ngazi mbio mpaka ofisi ya chini, akamshika kijana mmoja wa kazi, William Taynton, akampandisha juu na kumkalisha mbele ya taa. Akaenda kutazama upande wa pili, hakuona kitu. Kijana alikuwa amejiondoa mbele ya taa kwa kuogopa joto. Baird akampa shilingi 2 na nusu, akamrudisha mahali pake, na safari hii akamwona. Hivyo Taynton alikuwa mtu wa kwanza kuonekana waziwazi kwa televisheni ile, naye alilipwa. Picha ilikuwa na mistari kama 30 tu. Televisheni zetu za zamani za Uganda zilikuwa na mistari 625, nanyi mwaweza kupima tofauti.

Tarehe 26 Januari, 1926, akawakaribisha wanachama wa Royal Institution, wapatao 40, pamoja na mwandishi wa gazeti la The Times. Wazee wenye mavazi ya heshima walipanda ngazi zile nyembamba, wakaingia makundi makundi, kwa kuwa chumba hakikutosha. Wakaona nyuso zikigeuka na kusema. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumwita mwenda wazimu.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1927 alipeleka picha kwa waya wa simu kutoka London mpaka Glasgow, maili 438. Mwezi wa Februari, 1928, picha zake zilivuka bahari ya Atlantiki hata karibu na New York. Mwezi wa Julai mwaka huo alionyesha picha za rangi. Kumbukeni kwamba Uganda ilipata televisheni yake mwaka 1963, na kwa miaka mingi ilikuwa nyeusi na nyeupe; rangi za Baird zilitangulia miaka 35, ijapokuwa zilikuwa za maabara.

Sasa nafika mahali ninapopapenda. Mwaka 1930 kampuni ya Baird ilianza kuuza chombo kilichoitwa Televisor. Bei yake ilikuwa ginea 25, yaani pauni 26 na shilingi 5, fedha nyingi sana siku hizo. Vikauzwa kama 1,000. Kilikuwa sanduku la bati lenye sahani ya alumini ndani yake, mota, na taa ya neoni. Mtazamaji aliweka jicho mbele ya lenzi, akaona picha nyembamba iliyosimama, ya rangi ya chungwa kwa sababu ya neoni, ndogo kuliko kadi ya posta.

Lakini Televisor haikuweza kupokea kitu peke yake. Haikuwa na redio ndani yake. Aliyeinunua ilimpasa achukue redio yake mwenyewe, achomoe waya za spika, azitie katika Televisor. Zile nguvu ambazo zingalitikisa spika zikawasha taa ya neoni. BBC, baada ya kusitasita kwingi, ilikubali tarehe 30 Septemba, 1929, kumrushia picha zake, na mwanzoni ilimpa mtambo mmoja tu. Kwa hiyo mwimbaji alionekana kwanza akifungua kinywa bila sauti, halafu alisikiwa bila kuonekana. Tarehe 31 Machi, 1930, ikapatikana mitambo miwili, mmoja wa picha na mmoja wa sauti. Basi mtu aliyetaka vyote viwili alihitaji redio mbili, moja imeunganishwa na Televisor, nyingine na spika. Kisha akae akizungusha kifundo, maana sahani ya nyumbani ilipaswa kuzunguka sawasawa na sahani ya London, mara 750 kwa dakika. Ikichelewa kidogo, picha ilihama. Ikiwahi, ilihama upande wa pili.

Nani asiyeona hapo kazi zetu za leo? Waya ile ya manjano hupeleka picha, nyeupe na nyekundu hupeleka sauti, kama vile redio mbili za 1930. Na picha ikihama-hama au kukosa rangi, mara nyingi sababu ni ile ile ya mwendo kutolingana. Deki iliyotoka Marekani hutoa mistari 525, karibu picha 30 kwa sekunde; televisheni zetu za zamani ziliundwa kwa mistari 625 na picha 25. Haziwezi kutembea pamoja, isipokuwa moja yao imetengenezwa kuelewa lugha zote mbili. Tena deki ya Marekani hutaka volti 110 au 120, na ukutani kwetu zimo 240. Wenye vibanda vya video pale Walukuba walijifunza neno hili kwa moshi. Kama televisheni yako ni ya zamani sana, haina matundu ya rangi, utatumia tundu la antena: utaweka deki, utatafuta kituo kitupu, mara nyingi karibu na namba 36, mpaka picha itokee. Na kama televisheni ni mpya sana, ina tundu bapa tu la HDMI, utahitaji kisanduku cha kugeuza kati yake na deki. Kinauzwa Jinja na Mbale. Usikate waya na kuzifunga kwa mkono; mikondo ya vitu hivyo viwili si ya namna moja, na hakuna kufunga kutakakovipatanisha.

Fanyeni jaribio moja ambalo halina hatari. Chomekeni waya wa manjano katika tundu jeupe la sauti. Kioo kitakuwa cheusi, na spika itanguruma. Ngurumo hiyo ndiyo picha yenyewe, ila inasikiwa badala ya kuonekana. Baird alilijua jambo hilo vema. Picha yake ya mistari 30 ilikuwa na mitikisiko michache kiasi cha sauti ya kawaida, naye alifikiri: ikiwa ni sauti, yaweza kuandikwa katika santuri kama wimbo. Mwaka 1927 na 1928 akaandika nyuso kadha wa kadha, pamoja na ya Stooky Bill, katika sahani za gramafoni. Kazi hiyo aliiita Phonovision. Hizo ndizo kanda za video za kwanza duniani, ijapokuwa hazikuwa kanda. Yasemekana aliweza kusikiliza sahani hizo na kutofautisha uso wa mtu huyu na wa yule kwa ngurumo tu.

Lakini kuzitazama hakuweza. Mashine zake zilitetemeka wakati wa kuandika, na mitetemo ikaingia ndani ya picha, ikaivuruga kabisa. Akaziacha. Sahani chache zilibaki kwa watu mbalimbali zaidi ya miaka 50, bila mtu kujua zina nini hasa. Katika miaka ya 1980 injinia mmoja, Donald McLean, Mskoti naye, alizitia katika kompyuta, akanyoosha mstari kwa mstari, akaondoa mitetemo. Wale watu wa 1928 wakageuza vichwa vyao. Ikapatikana pia sahani ya alumini ambayo mtu mmoja aliirekodi nyumbani kwake mwaka 1933 kutoka matangazo ya BBC: wasichana wanacheza dansi kwa mstari. Mtu huyo alikuwa ameunganisha redio yake na mashine ya kukatia santuri, basi.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka mzee mmoja aliyeshuka kutoka Bududa na kanda moja ndani ya mfuko wa sukari. Ilikuwa imbalu ya 1996, alipotahiriwa mwanawe. Aliyeshika kamera alikuwa mtu wa kukodi. Ndani yake, alisema mzee, yumo baba yake akicheza kadodi, naye baba huyo amefariki, wala hapana picha yake nyingine ila ile ndogo ya kitambulisho. Fundi mmoja alikuwa amekwisha mwambia aitupe. Kanda ilikuwa na kuvu jeupe kotekote. Niliifungua, nikaisafisha kwa siku mbili polepole, nikaihamishia katika kasha jingine. Deki nzuri nilikuwa nayo moja tu, na vichwa vyake vilikuwa vimelika. Nilijua kwamba kuvu likibaki, kitakufa kichwa na kanda pamoja. Nikaunganisha deki na kompyuta badala ya televisheni, ili kila kitakachopita kiandikwe papo hapo. Ilipita mara moja. Katikati ilichanika mistari, rangi zikakimbia, kisha zikatulia, na mzee wa zamani akaingia uani na njuga miguuni. Mwanawe hakusema kitu mpaka mwisho. Halafu akauliza kama naweza kuirudisha nyuma kidogo.

Basi turudi kwa Baird. Mwezi wa Novemba, 1931, alipokuwa New York kwa kazi, alimwoa Margaret Albu, mpiga piano aliyezaliwa Afrika ya Kusini. Wakapata watoto wawili, Diana na Malcolm. Ilikuwa miaka yake ya furaha, na wakati huo huo kazi yake ilikuwa ikichimbwa chini. Marekani, kijana Philo Farnsworth alikuwa amekwisha peleka picha tangu 1927 bila sahani izungukayo, kwa umeme mtupu ndani ya mtungi wa kioo. Uingereza, kampuni ya Marconi-EMI ilifuata njia hiyo kwa fedha nyingi na wataalamu wengi. Sahani ina mwisho wake. Ukitaka mistari mingi, lazima iwe kubwa kama gurudumu la gari na izunguke kama upepo. Mtungi hauna kitu cha kuzunguka.

Tarehe 2 Novemba, 1936, BBC ilifungua televisheni yake katika jumba la Alexandra Palace, na serikali ikaamuru njia zote mbili zijaribiwe kwa zamu, juma kwa juma. Marconi-EMI walikuwa na mistari 405 na kamera iliyoweza kusogezwa. Baird alikuwa na mistari 240, na moja ya mitambo yake ilipiga filamu ya sinema kwanza, ikaisafisha kwa dawa katika muda usiotimia dakika moja, ndipo ikaisoma ingali mbichi. Kamera hiyo ilifungwa sakafuni kwa mabomba ya maji na dawa. Tarehe 30 Novemba jumba la Crystal Palace, ambamo alikuwa na maabara zake, likateketea kwa moto usiku mmoja. Mwanzoni mwa Februari, 1937, njia yake ikaachwa.

Wapo wanaosema, na nimebishana nao sana pale Jinja, kwamba Baird hakuvumbua televisheni, kwa sababu katika televisheni zetu hakuna hata skrubu moja iliyotoka kwake. Neno la skrubu ni kweli. Nami nakubali kwamba aling'ang'ania sahani miaka mingi kupita kiasi, na kwamba alipenda kuonyesha jambo jipya kabla la kwanza halijakamilika, kama alivyofanya kwa jamu na sabuni. Lakini kabla ya Januari, 1926, wenye fedha waliona kuwa kuona kwa mbali ni ndoto ya vitabuni. Hao Marconi-EMI walitumia mali yao baada ya kuona nyuso katika chumba cha mtaa wa Frith. Kwangu mimi aliyewasha moto hanyang'anywi jina kwa kuwa mwingine amepika.

Wala hakukaa akilia. Vita vilipoanza Septemba, 1939, televisheni ya Uingereza ilizimwa yote, na kampuni yake ikafilisika. Akaendelea kwa fedha zake mwenyewe, katika nyumba yake ya London, mabomu yakianguka. Tarehe 16 Agosti, 1944, alionyesha mtungi wa kioo alioubuni mwenyewe, ulioitwa Telechrome, wenye kutoa picha za rangi kwa umeme mtupu, bila sahani wala kitu cho chote kizungukacho. Alikuwa amevuka hata upande wa pili wa ubishi ule, akiwa na miaka 56, karibu peke yake.

BBC ilifungua tena televisheni tarehe 7 Juni, 1946. Baird alikuwa mgonjwa katika nyumba aliyopanga Bexhill, pwani ile ile ya Hastings, maili chache tu kutoka mahali alipofungia sanduku la chai kwa uzi na lakiri. Alifariki tarehe 14 Juni, juma moja baadaye, hajatimiza miaka 58. Walimpeleka Helensburgh, wakamzika pamoja na baba na mama yake.